Menega na Jiwe la Aibu

Mimi ni mtunga shanga. Miaka hamsini nimekaa mlangoni pangu katika Kiwanja cha Makasia, bakuli la shanga mapajani na sindano mkononi, na mtu aliyekaa mlangoni muda wote huo hapitwi na jambo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Menega alikuwa mchawi, au kwamba alikuwa na roho mbaya tangu kuzaliwa, huwa namwambia avute kigoda akae. Roho ya Menega naijua. Ilikuwa nzuri kabisa mpaka walipoichokoza.

Alikuja Venisi akiwa na miaka kumi na saba kutoka milima ya Friuli, yeye na wasichana wengine wa kwao, kuchukua maji. Kazi hiyo sisi wenyeji hatuiwezi wala hatukuwahi kutaka kuiweza. Unaweka mzegazega begani, ndoo ya shaba huku na ndoo ya shaba kule, kofia nyeusi ya sufu kichwani, miguu mitupu, unapanda daraja na kushuka daraja kuanzia asubuhi mpaka miguu igome. Mji wetu umezungukwa na maji kila upande na hakuna hata kikombe kimoja cha kunywa. Tunakunywa mvua. Mvua inaingia katika visima vilivyo katikati ya viwanja, visima vina vifuniko vya chuma, vifuniko vina makufuli, na funguo anazo mkuu wa mtaa. Asubuhi inagongwa kengele, kisima kinafunguliwa, wanawake wanapanga foleni na kusengenyana. Jioni vivyo hivyo.

Msichana wa mlimani alituchekesha. Wiki yake ya kwanza alikatiza katikati ya zile nguzo mbili kubwa za ufukweni, mbele ya jumba la mtawala, na ndoo zake zimejaa. Hakuna Mvenisi anayepita katikati ya nguzo zile, kwa sababu ndipo wanapouawa wahalifu. Sisi tunazunguka hata mvua ikiwa inapiga. Wenye mashua wakampigia kelele, bibi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba, na Menega akasimama pale pale katikati akawauliza kama kuna aliyepoteza kitu. Mjenzi wa visima aitwaye Bortolo alikuwa anapita. Alicheka mpaka akashika mbavu, na baada ya miezi minane akamwoa.

Bortolo alikuwa wa kiwanja chetu, mfupi, masikio yamesimama, na aliipenda kazi yake kupita kiasi. Unamkaribisha ugali na dagaa wa siki na vitunguu, yeye anakueleza habari za udongo. Ukitaka kujenga kisima, alikuwa anasema, unachimba shimo pana kama kiwanja chenyewe, unalikandika udongo mzito wa mfinyanzi chini na pande zote kama bakuli, unajaza mchanga wa mtoni, halafu katikati unajenga mrija wa matofali. Mvua inapita kwenye mchanga inasafika, inakusanyika kwenye mrija. Udongo ndio unaozuia chumvi ya mifereji isiingie. Ukitoboka mahali pamoja tu, kisima kimekufa. Nimeyasikia hayo mara mia. Menega aliyasikia mara elfu, na kila mara alikuwa anamtazama mumewe kama ndio kwanza anayasikia. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na maneno ya udongo.

Mwaka 1761 Bortolo alipewa kazi ya kukikandika upya kisima chetu. Alifanya viangazi viwili. Alipomaliza, maji yalikuwa matamu hata watu wa ng'ambo ya mfereji walianza kuja kuchota kwa kujificha, na tulikuwa tunawafukuza kwa maneno ambayo padri hakuyapenda. Kisha mwaka 1763, katikati ya Kwaresma, maji yakaanza kuwa na ladha ya machozi. Ilipofika Pasaka yalikuwa chumvi tupu.

Mkuu wa mtaa wetu wakati huo alikuwa Gasparo, muuza mvinyo. Nyumba yake ilikuwa ya pembeni, mlango mmoja kiwanjani na mwingine kwenye mfereji. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, wa kushika watu mabega, na funguo za kisima zilikuwa zinaning'inia kiunoni mwake kana kwamba maji ni ya baba yake. Yeye ndiye aliyekwenda kwa wakuu wa maji kusema kwamba Bortolo ametumia udongo mbovu. Alisema kwa huzuni, watu walisema baadaye. Alisema inamuuma kumsema jirani.

Bortolo alijitetea. Aliomba wachimbe upande wa mashariki wa kiwanja, upande wa nyumba ya Gasparo, kwa sababu alikuwa na hakika chumvi inatokea huko. Nani angechimba mbele ya mlango wa mkuu wa mtaa kwa neno la mtuhumiwa? Chama cha wajenzi kikafuta jina lake. Halafu likaja jiwe.

Lazima niseme kidogo juu ya mji wetu, maana mgeni anaweza kudhani tunajua kutengeneza vioo na barakoa tu. Tunajua kuaibisha. Pale Rialto, karibu na daraja, kuna kibiongo wa mawe amebeba ngazi mgongoni. Zamani wezi walichapwa viboko tangu kiwanja cha Mtakatifu Marko mpaka pale, na adhabu ilikuwa inakwisha mwizi akimbusu yule kibiongo. Kwenye kuta kuna vichwa vya simba vilivyoachama midomo, unatia barua ya kumshtaki jirani yako na kwenda zako kula. Na mtu akiwakosea watu wote, jina lake na kosa lake vinachongwa kwenye bamba la jiwe, linabandikwa ukutani mahali alipokosea, ili wajukuu wasome. Mbao zinaoza na karatasi zinaliwa na unyevu. Jiwe linakaa.

Jiwe la Bortolo walilibandika kwenye ukuta wa kanisa unaotazamana na kisima, usawa wa macho. Gasparo alijitolea kumlipa mchongaji, eti kuupunguzia mtaa mzigo. Menega hakujua kusoma. Siku ile ile alimshika mumewe mkono akamwambia amsomee. Bortolo akasema haina maana. Menega akasema nisomee. Basi yule mwanamume akasimama mbele yetu sote akasoma kwa sauti: "Bortolo, mjenzi wa visima, amefukuzwa katika chama kwa kuharibu maji ya watu kwa udongo mbovu." Akasoma na tarehe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na mimi nilidondosha bakuli langu la shanga.

Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi isipokuwa wale wanaozoa tope mifereji inapokaushwa. Alisimama kwenye tope mpaka magotini majira mawili ya baridi, ya pili akapata homa ya kifua, akafa mwezi wa Februari. Aliomba kitu kimoja tu: jeneza lake lisipitishwe kiwanjani. Wakalitoa kwa dirisha la nyuma kwa kamba, likashushwa kwenye mashua. Menega hakulia. Nilimshika nikamwambia lia shoga yangu, utapasuka. Akaniambia, "Sina nafasi."

Sasa sikiliza alivyokuwa Gasparo. Baada ya mazishi alimwita Menega akampa kazi ya kuleta maji nyumbani kwake kila siku, na kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Huyu mjane wa yule Bortolo. Namsaidia tu, maskini, hana kosa." Menega akawa anainamisha kichwa. Kwa kuwa kisima chetu kilikuwa kimefungwa na kutiwa lakiri, ile nta ya muhuri, alikuwa anakwenda mpaka kwenye visima vya shaba vya uani kwa mtawala, anarudi kwa madaraja kumi na moja, anammiminia Gasparo mtungi. Mtaani tulisema huyu mwanamke hana damu. Mimi nilisema pia. Nakiri.

Kumbe kazi ile ndiyo iliyomfungua macho. Siku moja mpishi alimtuma ashushe ndoo kwenye ghala ya mvinyo, chini, waoshe pipa. Menega alikuwa ameshuka ghala ile miaka ya nyuma, alipokuwa anachukulia maji mama yake Gasparo. Zamani ilikuwa na ngazi mbili. Sasa zilikuwa sita. Sakafu ilikuwa imechimbwa ili mashua yenye mapipa iweze kuingia ndani kwa ndani kutoka mfereji, na ukutani, upande wa kiwanja, palikuwa na mbao zimepigiliwa, na nyuma ya mbao pamelowa. Akamuuliza mpishi kwa kupitapita tu, hivi hii kazi ilifanyika lini. Mpishi akasema, ile Kwaresma ya kisima kuharibika, tulikula vumbi siku arobaini.

Alikuja kwangu akiwa bado na mzegazega begani. Akaniambia yote akiwa amesimama.

"Lugrezia," akasema, "wamekata bakuli lake. Wamechimba wakakata udongo wake, na alijua."

Tukafanya kama wafanyavyo watu wa mji huu: nikaandika barua, tukaitia mdomoni mwa simba. Ilikuwa upuuzi. Barua isiyo na mashahidi wawili wenye heshima inachomwa, na sisi heshima tungeitoa wapi, mtunga shanga na mchukua maji. Juma lililofuata Gasparo alimkuta Menega jikoni, akamwambia kwa ile sauti yake nzuri, "Nasikia simba wananguruma habari zangu. Wewe hujasikia kitu, mama?" Menega akasema hajasikia. Gasparo akamgusa bega akatoka. Menega aliniambia kwamba bega lile alilisugua kwa majivu.

Tangu siku hiyo nilimwona akibadilika. Hakukonda wala hakuwa na makelele. Alianza kuhesabu. Kila bamvua, maji yalipojaa mpaka kulamba vizingiti, alikuwa anatafuta sababu ya kushuka kwenye ghala ya Gasparo. Aliona maji ya mfereji yakiingia, yakifika kwenye zile mbao, yakipotea. Yalipopotea hayakurudi. Ukiuliza alikuwa anafikiri nini miaka ile mitatu iliyofuata, alikuwa anafikiri hilo tu, maji yanaingia pale na yanakwenda. Tulikuwa tunakula pamoja Jumapili, mimi naongea, yeye anatazama sahani.

Mwaka 1768 aliniuliza kama shemeji yangu Zorzi bado yuko kwa watia rangi.

Yuko, nikasema. Zorzi alikuwa na mikono myekundu mpaka viwikoni, hata kanisani watu walikuwa hawampi mkono. Pale kwao wanatumia mti mwekundu unaoletwa kutoka ng'ambo ya bahari, unachemshwa, na nguo inayotoka humo inavaliwa na wakubwa. Hauna sumu, vibarua wanachovya vidole na kulamba. Menega akataka gunia la vumbi lake. Sikumuuliza la nini, nilijua palepale, nikafurahi. Niliuleta ule mti kidogo kidogo kwa mwezi mzima, chini ya shanga zangu.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, mkaguzi alikuwa anakuja kupima kisima. Inavunjwa lakiri, kinafunguliwa, ndoo moja inatolewa, anaonja, anatema, kinafungwa tena. Halafu karani anasoma jiwe la Bortolo kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu. Miaka yote Menega alikuwa anasimama kwenye umati kusikiliza. Safari hii mwezi ulikuwa mpevu, bamvua kubwa, na siku tatu kabla ya mkaguzi Menega alianza kupeleka nyumbani kwa Gasparo ndoo mbili zaidi kila asubuhi. Mpishi alidhani ni za kuoshea mapipa. Menega alikuwa amechemsha humo vumbi la ule mti jikoni kwake, akaziziba ndoo kwa majani ya kabichi, akashuka nazo ngazi sita maji yalipokuwa yanaanza kujaa, akazimwaga nyuma ya zile mbao. Siku ya kwanza ndoo mbili, ya pili mbili, ya tatu mbili.

Asubuhi ya ukaguzi kiwanja kilijaa. Gasparo alikuwa amevaa koti la kijani, binti yake Anzoleta yuko kwenye roshani na shela mpya, maana alikuwa amechumbiwa na mtoto wa wenye tanuru za kioo wa Murano. Mkaguzi, mzee mmoja mwenye mafua, akauliza kama lakiri ni ile ya mwaka jana. Gasparo akasema ni ile ile, kaibana kwa pete yake mwenyewe, na ufunguo haujatoka kiunoni mwake usiku na mchana. Alisema kwa fahari. Menega alikuwa mbele yangu, na nilimwona akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu ambaye mtoto amejibu vizuri.

Ndoo ikashuka. Ikapanda. Mkaguzi akainama aonje, akarudi nyuma akakanyaga mguu wa karani.

Maji yalikuwa mekundu. Si ya kutu, si ya matofali. Mekundu kama divai anayouza Gasparo.

Mtu akataja damu, mwingine akataja jina la Bortolo, wanawake wakaanza kupiga magoti. Gasparo ndiye aliyesema ni uchawi, kuna mtu ametia kitu kisimani. Mkaguzi akapenga kamasi, akamuuliza, ametiaje? Gasparo akasema kwa kufungua kifuniko. Mkaguzi akamuuliza, kwa ufunguo upi?

Hapo Menega akatoka kwenye umati. Hakupaza sauti.

"Bwana mkaguzi, rangi hiyo nimemwaga mimi."

"Kisimani?"

"Hapana. Nimeimwaga nyumbani kwa Bwana Gasparo, kwenye ghala yake ya chini, nyuma ya mbao. Twende ukaone, bado iko sakafuni." Kisha akamgeukia Gasparo. "Sasa wewe tuambie. Nimemwaga kwako. Mbona imetokea hapa?"

Nilikuwa karibu, nilimwona Gasparo akizishika funguo zake kiunoni. Walishuka, mkaguzi na makarani wake na nusu ya mtaa nyuma yao, wakang'oa zile mbao, na nyuma yake ulikuwepo udongo wa Bortolo wa buluu, safi, umebana vilevile alivyoukandika, umekatwa kwa koleo kama mtu anayekata jibini. Mjenzi mmoja wa chama kile kile kilichomfukuza akaugusa kwa kidole. Akasema, "Udongo mzuri." Menega aliposikia maneno hayo alikaa chini kwenye ngazi, kwenye maji mekundu, akalia kwa mara ya kwanza.

Hukumu ilikuwa nyepesi kutamka. Gasparo atakijenga kisima upya kwa mali yake, atanyang'anywa funguo, jiwe la Bortolo litashushwa, na jiwe la Gasparo litabandikwa mahali pale pale. Lakini sheria yetu ilikuwa na mlango wa uani. Aliyekosewa akiandika hati ya amani, kwamba amesamehe, waamuzi wanaweza kuliacha lile la jiwe. Wakampa Menega siku nane afikirie. Gasparo alijua maana yake. Posa ya Murano isingevumilia jiwe.

Siku ya sita, adhuhuri, akapanda ngazi za kwetu. Binti yake alibaki chini mlangoni, karibu na kigoda changu, hakutaka kukaa. Chumba cha Menega kiko juu ya changu, sakafu ni ya mbao, na mlango nilikuwa nimeuacha wazi makusudi. Tulisikia yote, mimi na yule binti.

"Mama Menega, nimekukosea," akasema Gasparo.

"Umenikosea nini?"

"Unajua."

"Najua. Nataka nikusikie."

Akasema. Waliochimba ghala walimwambia siku ile ile kwamba wamegonga udongo wa kisima. Akawaambia wafunike kwa mbao wanyamaze. Alidhani chumvi haitafika.

"Na Bortolo alipokuja kukuomba mwangalie upande wako?"

"Nilimwambia amelewa."

"Alikuwa amelewa?"

"Hapana," akasema.

Binti pale chini alikuwa ameshika fremu ya mlango. Hakunitazama.

Gasparo akaanza kuomba. Alisema haombi kwa ajili yake. Mtoto hajafanya kitu, alisema, alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, anacheza na wanasesere, wakimwacha sasa nani atamchukua. Alisema atachonga jina la Bortolo juu ya kisima kipya kwa herufi za dhahabu. Naona haya hata leo: alikuwa analia kweli, machozi ya kweli, na mimi mwenyewe kwa dakika moja nilimwonea huruma, nikajichukia kwa huruma hiyo.

"Jina lake umeshalichonga," akasema Menega. "Ulimlipa fundi mwenyewe. Na mtoto wako hajafanya kitu, ni kweli. Bortolo naye hakuwa amefanya kitu. Nenda nyumbani, Bwana Gasparo. Ukishuka shika kamba, ngazi ya mwisho imevunjika."

Siku ya nane alikwenda kwa waamuzi akaweka alama ya msalaba chini ya karatasi inayosema hasamehi.

Nilifurahi. Sioni haya kusema. Walipolishusha jiwe la Bortolo, Menega aliomba apewe vipande, akavitia kwenye ndoo zake mbili, akatembea navyo mpaka mbele ya mlango wa mfereji wa Gasparo, akavitupa kimoja kimoja majini, polepole, ili Gasparo asikie kila kimoja kikizama. Sisi tulikuwa nyuma yake tunashangilia. Jiwe jipya likaingia kwenye matundu yale yale ya misumari. Mchongaji alipomaliza, Menega akaniambia nimsomee. Nikasoma: "Gasparo, mkuu wa mtaa, kwa kuharibu maji ya watu na kumsingizia asiye na hatia." Akaniambia rudia. Nilirudia mara nne. Usoni alikuwa na rangi ya msichana.

Watu wa Murano walileta barua ya mistari mitatu. Gasparo alifunga biashara, akajifungia ghorofani, madirisha ya upande wa kiwanja akayapigilia mbao. Watumishi wakaondoka mmoja mmoja. Kisima kilijengwa upya, tukasubiri mvua ya majira mawili, na maji yakarudi kuwa matamu kama siku za Bortolo. Menega aliendelea na mzegazega wake, lakini sasa alikuwa anaimba nyimbo za kwao, na akaanza kunenepa. Kulikuwa na siku nilidhani mambo yameisha.

Kwa kuwa hapakuwa na mtumishi tena, Anzoleta alikuja kuchota mwenyewe. Shela ile ile, sasa imechakaa, na ndoo ya mbao. Alisimama kwenye foleni chini ya jina la baba yake, asubuhi na jioni, na wanawake walimwachia nafasi pana mbele na nyuma kana kwamba ana upele. Hakumsemesha mtu mwaka mzima. Hakuna aliyemsemesha pia, nami nimo.

Asubuhi moja ya Septemba alisimama nyuma ya Menega. Kengele ilikuwa imeshagongwa, mlinzi mpya wa funguo alikuwa anahangaika na kufuli. Binti yule aliliangalia jiwe, akalisoma lote kwa midomo bila sauti, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya samaki:

"Mama Menega, kutoka siku walipobandika la mume wako mpaka siku ya maji mekundu, ulingoja muda gani?"

Menega akageuka. "Miaka mitano kasoro miezi miwili."

Anzoleta akafikiri. "Mimi nina miaka ishirini," akasema. "Muda ninao."

Sindano yangu ilisimama. Niliogopa, na nilikuwa sijaogopa hata siku moja katika mambo yote yale. Nilidhani Menega atacheka, au atamzaba kofi, au angalau atajitetea; alikuwa na haki yake, na jiwe lilikuwa ukutani linashuhudia. Badala yake alimtazama yule binti juu mpaka chini, mabega membamba, vidole ambavyo bado havijazoea kamba.

"Basi uwe unakula vizuri, mwanangu," akasema. "Ni kazi ndefu."

Kisha akasogeza ndoo zake pembeni akampisha achote kwanza.